Kinanda cha Ngata na Safari za Vinanda vya Vyuo

Wageni wengi wanaofika kwenye kasri la Lord Egerton pale Ngata, kilomita zipatazo 14 kutoka mjini Nakuru, Kenya, huvutwa na kisa cha mapenzi. Husimuliwa jinsi bwana mkubwa wa Kiingereza alivyojenga nyumba ili ampate mwanamke aliyempenda, mwanamke akaidharau, naye akajenga kubwa zaidi, nayo ikadharauliwa. Kisa hicho kimesimuliwa vya kutosha. Mimi nataka kueleza habari ya kitu kisichozungumzwa sana: kinanda cha mabomba kilichomo katika ukumbi wa dansi wa kasri hilo. Leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton, kama lilivyo kasri lenyewe. Kwa hiyo kinaingia katika historia ndefu ya vinanda vya vyuo: vilivyojengwa kwa fahari, vikang'olewa, vikarudishwa, vikauzwa, vikaunganishwa upya mbali na pale vilipozaliwa.

Asiyekizoea kinanda cha aina hii anaweza kudhani ni piano yenye mapambo makubwa. Sivyo. Piano hugonga nyaya, kinanda cha mabomba hupuliza. Upepo hukusanywa katika mivukuto, zamani kwa nguvu za mikono ya vijana waliokaa nyuma ya kinanda, siku hizi kwa feni ya umeme, kisha husukumwa ndani ya sanduku lililokaa chini ya mabomba. Mpigaji anapobonyeza kitufe, kifuniko kidogo hufunguka na bomba moja likaimba. Bomba moja lina sauti moja tu, kwa hiyo hata kinanda cha wastani kinahitaji mabomba mamia. Bomba lililo wazi juu, lenye urefu wa futi 8, hutoa besi nzito. Fundi mwenye nafasi ndogo huweza kuliziba juu bomba la futi 4 akapata karibu kina kile kile. Mabomba mengine ni ya mbao, mengine ni ya risasi iliyochanganywa na bati, madini laini ambayo hupondeka yakibanwa kidogo na hupinda kwa uzito wake yenyewe yakisimamishwa vibaya.

Chombo cha namna hiyo hupimwa kwa chumba chake. Fundi akishapanga mabomba yote, hukaa siku nyingi akirekebisha midomo yao, moja baada ya jingine, mpaka sauti ipatane na kuta, dari na sakafu ya mahali pale. Ukikihamishia jengo jingine, kazi hiyo huanza upya. Ndiyo maana habari ya kinanda kuhamishwa ni habari ya watu walioamua kwamba hasara hiyo inafaa kuvumiliwa.

Kabla ya chombo chochote cha namna hiyo kufika Bonde la Ufa, watu walihamishwa kwanza. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliandikiana mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele yao, na Wamaasai wakaondolewa Naivasha, Nakuru na malisho ya katikati ya bonde, sehemu yao kubwa wakapelekwa Laikipia. Waliahidiwa kwamba mapatano yale yatadumu maadamu Wamaasai wapo. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia pia, na mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imeshapita Nakuru mwaka 1900 na kufika Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Serikali ilitaka mizigo ya kulipia gharama yake, na ardhi iliyoachwa wazi kwa mkataba ikagawiwa walowezi. Mmoja wao, Lord Delamere, alijipatia maelfu ya ekari Njoro, akajaribu ngano, ugonjwa wa kutu ukaila, akajaribu tena. Kituo cha kuzalisha mbegu kilichoanzishwa Njoro mwaka 1927 kilitokana na mapambano hayo na kutu.

Katika miaka ya 1920 ndipo Maurice Egerton alipokuja kukaa. Alizaliwa mwaka 1874, akarithi ubaroni wa Tatton, huko Cheshire, Uingereza, mwaka 1920. Alikuwa mtu wa mashine. Mwaka 1910 klabu ya marubani ya Uingereza ilimpa cheti namba 11, yaani alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa nchini mwake kuruhusiwa kurusha ndege. Alipenda magari tangu yalipokuwa kitu cha kushangaza barabarani, na alipenda kupiga picha. Mtu wa tabia hiyo kuwa na kinanda cha mabomba nyumbani hakunishangazi. Kabla ya zama zetu hapakuwa na vyombo vingi vilivyounganisha ufundi wa mbao, madini, ngozi na upepo kwa mkono mmoja kama hicho, na katika majumba makubwa ya Uingereza na Marekani matajiri walikuwa wakijiwekea vinanda ukumbini tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938. Vita vikuu vya pili vikausimamisha, vifaa vikakosa meli, na nyumba ile ya vyumba 52 haikukamilika hadi 1954. Tuuangalie mwaka huo vizuri. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Katika mashamba ya Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha, maskwota wa Kikuyu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori na magari ya moshi na kurudishwa Mkoa wa Kati, wengi wao wakiwa wamezaliwa palepale mashambani na hawana kwao kwingine. Haiwezekani kuandika habari za ukumbi wa dansi wa Ngata bila kuandika hilo. Nyumba moja ilikuwa ikimaliziwa kwa mbao na mawe yaliyosafirishwa kwa uangalifu, huku watu wa mashamba yaleyale wakisafirishwa bila uangalifu wowote.

Bidhaa nzito kutoka Ulaya zilikuwa na njia moja ya maana ya kufika huku. Zilishushwa Kilindini, zikapandishwa mabehewa ya reli nyembamba ya mita moja, zikavuka nyika ya Taru penye joto kali, zikapanda hadi Nairobi, zikateremka ukingo wa bonde upande wa Kijabe, zikapita Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, na nyingine zikaendelea hadi stesheni ya Njoro. Kwa sanduku la misumari safari hiyo si kitu. Kwa ngozi nyembamba za mivukuto na viungio vya gundi ni mtihani mkubwa, kwa sababu mbao iliyokaushwa katika ubaridi wa Ulaya huvimba pwani, kisha hukauka na kunywea bara.

Mafundi walilijua hilo zamani sana. Mwaka 1599 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alimpelekea Sultani Mehmed wa Tatu wa Uturuki zawadi ya kinanda kilichounganishwa na saa, kikiweza kujipiga chenyewe. Aliyekwenda nacho ni fundi kijana, Thomas Dallam, kwa meli iliyoitwa Hector. Walipofika Konstantinopoli na kufungua masanduku, gundi ilikuwa imeachia kwa joto la melini na mabomba yamebonyea. Dallam na wasaidizi wake walilazimika kukijenga upya kabla ya kukipeleka ikulu, na Sultani akakisikiliza kikilia. Fundi huyo alirudi kwao akiwa na jina kubwa, na mwaka 1605 akaanza kujenga kinanda cha King's College, Cambridge. Tangu hapo ukoo wa Dallam ukawa ndio ukoo wa vinanda vya vyuo.

Mwanawe Robert ndiye aliyejenga kinanda ambacho safari zake zinatufundisha zaidi kuliko za kingine chochote ninachokijua. Mwaka 1631 alikikamilisha kwa ajili ya kanisa dogo la Magdalen College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1458. Mabomba ya mbele yalipambwa kwa michoro iliyofinyangwa katika bati lenyewe. Kwa miaka michache kiliimba pale kama kilivyokusudiwa. Kisha Waingereza wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1644 Bunge lililoshikwa na Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, likaamuru vinanda viondolewe makanisani. Makanisa mengi yaliona mabomba yakipondwa na kuyeyushwa kwa ajili ya risasi yake. Robert Dallam mwenyewe alikimbilia Ufaransa na kujenga vinanda katika makanisa ya Brittany.

Kinanda cha Magdalen kilinusurika kwa namna isiyotarajiwa. Oliver Cromwell, kiongozi wa upande uliokataza vinanda kanisani, aliupenda sana muziki. Mwaka 1654 alikichukua na kukipeleka kasri la Hampton Court, karibu na London, alikokuwa akikaa. Kule hakikuwa cha ibada, kilikuwa cha burudani ya jioni, na John Hingeston, mpiga kinanda wa Cromwell, alikuwa na kazi ya kukipiga. Mshairi John Milton alikuwa katibu wa serikali hiyo, tayari amepofuka. Watu wamesema kwa karne nyingi kwamba naye alikipiga, mpaka leo kinaitwa kwa jina lake, ijapokuwa hakuna hati inayothibitisha. Amri ilikuwa imekikataza kinanda, na mwenye mamlaka akakihifadhi nyumbani kwake. Mimi sioni kwamba hilo linamsafisha Cromwell. Mabomba ya parokia maskini yalikwenda kwenye chungu cha kuyeyushia, ya chuo tajiri yakaenda ikulu.

Ufalme uliokuwa umeangushwa uliporudishwa mwaka 1660, chuo kilidai mali yake, na kinanda kikarudishwa Oxford. Mwaka 1690 fundi Renatus Harris alikifanyia marekebisho makubwa. Halafu, mwaka 1737, chuo kikataka kinanda kipya na kukiuza cha zamani. Kikanunuliwa na waumini wa Tewkesbury, mji mdogo kando ya mto Severn wenye kanisa kubwa la mawe lililokuwa la watawa. Kipo Tewkesbury mpaka leo. Kimefanyiwa ukarabati mara nyingi, mara ya mwisho kubwa ikiwa 1997, na sehemu kubwa ya ndani si ya Dallam tena, lakini sanduku la nje na baadhi ya mabomba ya mwaka 1631 yapo. Chuo kilichokiagiza kilikichoka kwa muda mfupi kuliko miaka 110. Mji ulioupata mtumba umekaa nacho karibu miaka 290.

Hapa Afrika Mashariki, mfano wa mwanzo na ulio mashuhuri uko Unguja. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa na Askofu Edward Steere juu ya uwanja wa soko la watumwa, lilianza mwaka 1873, na ndani yake kiliwekwa kinanda cha mabomba cha kampuni ya Henry Willis ya Uingereza. Kililetwa kwa meli na kupakuliwa katika hewa ya chumvi, adui wa ngozi na wa madini pia. Nairobi, Kanisa Kuu la All Saints lina cha kwake. Mikutano ya dini huko imekipa kinanda cha aina hii maisha ya kila wiki: mpigaji anayelipwa au kujitolea, kwaya inayomtegemea, na waumini wanaolalamika sauti ikikosea. Chombo kinachotumika kila Jumapili hutengenezwa kila kinapougua.

Cha Ngata hakikuwa na jamii hiyo. Kilikuwa cha mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto, aliyekaa katika nyumba yake iliyokamilika kwa miaka minne tu. Lord Egerton alifariki Januari 1958, akazikwa katika makaburi ya Nakuru North. Ubaroni wa Tatton ukafa pamoja naye, na Tatton yenyewe kule Cheshire ikaenda mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kihistoria.

Lakini alikuwa ameshaacha kitu kingine Njoro. Mwaka 1939 alitoa ardhi ya kuanzisha shule ya kilimo, Egerton Farm School, kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Kufikia 1955 ilikuwa imekuwa Egerton Agricultural College, ikitoa cheti cha mwaka mmoja na diploma ya miaka miwili, na mwaka 1958 iliongezewa ekari 1,100. Muda mfupi baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Kwa watoto wa wale waliofukuzwa mashambani katika miaka ya hali ya hatari, na wa waliohamishwa na mkataba wa 1904, hilo lilikuwa jambo la kutetemesha: kusomea kilimo katika udongo uleule, wakiwa wanafunzi na si vibarua. William Odongo Omamo, ambaye baadaye alikuwa waziri, ndiye Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata, 1987, Bunge likakifanya Chuo Kikuu cha Egerton.

Kasri la Ngata lilipokuja kuwa chini ya chuo hicho, kinanda kilibadilisha mmiliki bila kusogea hata hatua moja. Kwangu mimi huo ni uhamisho mkubwa kuliko wa Oxford kwenda Hampton Court. Kilichokuwa chombo cha faragha cha baroni kimekuwa mali ya taasisi ya umma, inayolipiwa na kodi za watu wa Rongai, Elburgon na Subukia. Watoto wa shule hupelekwa pale kwa mabasi. Maharusi hupiga picha kwenye nyasi. Swali lililobaki ni kama chuo kinakitambua kama kitu cha kufundishia au kama samani ya zamani.

Nasema hivi kwa sababu ninajua namna vinanda vinavyokufa. Havifi kwa moto tu. Ngozi ya mivukuto hukauka na kupasuka, upepo ukavuja. Sehemu za Ngata na Njoro ziko juu sana kutoka usawa wa bahari. Alfajiri ni baridi ya koti na adhuhuri ni jua kali, na sauti ya bomba hupanda kila joto linapopanda, hivyo hata kinanda kizima huhitaji kulinganishwa sauti mara kwa mara. Mchwa hula fremu kutoka ndani. Panya hutafuna ngozi. Mtu asiyejua akivuta bomba dogo ili alitazame, akalirudisha tundu lisilo lake, noti mbili zimeharibika. Akiondoka nalo mfukoni, hakuna duka Nakuru la kununua jingine.

Katika nchi yetu, wazo la haraka la kuokoa kitu cha kale huwa ni kukihamisha: kipelekwe Nairobi, kiwekwe makumbusho, au kiuzwe kwa kanisa linalokihitaji. Silikatai moja kwa moja, maana Tewkesbury inaonyesha kwamba mnunuzi anaweza kuwa mlezi bora kuliko mrithi. Lakini masharti yake ni magumu. Kila bomba hupigwa picha na kuandikwa namba ya safu na ya noti kabla halijaguswa. Madogo hutolewa kwanza, yakalazwa kwenye trei zenye kitambaa, hayasimamishwi wala hayapangwi moja juu ya jingine. Yale marefu ya mbao hulazwa kwa urefu wake wote. Vijiti vinavyounganisha vitufe na vifuniko hufungwa kwa mafungu na kuandikwa. Mivukuto hubebwa peke yake. Huko kinakokwenda lazima pawe na chumba cha kukipokea na fundi wa kukipa sauti upya, na mafundi hao ni wachache mno Afrika Mashariki. Bila hayo, kukihamisha ni kukizika kwenye masanduku.

Kwa maoni yangu, cha Ngata kibaki Ngata. Ukumbi ule ndio chumba chake, na historia ya mahali pale ndiyo inayokipa maana, pamoja na uchungu wake wote. Kinachotakiwa si fedha nyingi kwa kuanzia. Chuo Kikuu cha Egerton kifanye orodha kamili ya mabomba, kwa picha na vipimo, na iwekwe wazi maktabani Njoro ili yeyote asome. Kizuie wageni wasiyaguse. Kiwaite majirani zake wa Chuo Kikuu cha Kabarak, wanaofundisha muziki umbali mfupi tu kutoka pale, wawalete wanafunzi wajifunze ufundi wake na si upigaji tu. Kiandike kwenye kibao cha ukutani, kwa Kiswahili, jina la aliyekileta na pia habari za watu walioondolewa katika ardhi ile kabla yake. Na iwapo siku moja itaonekana lazima kihamishwe, orodha iwe imekwisha kufanywa kabla bomba la kwanza halijatolewa. Kazi ya orodha inaweza kuanza muhula ujao, na wenye funguo za ukumbi ule wako Njoro.